Wiki nane Monastir kwa pointi moja: kisa cha chipukizi wa tenisi kutoka Lubumbashi

Jina la mchezaji, klabu yake na wafadhili wake yameondolewa. Hapa anaitwa K. Hesabu za matumizi ni zile za daftari la kocha, zimeachwa kama zilivyoandikwa.

Usuli

Mwishoni mwa 2024 K. alikuwa na miaka 18. Alianza tenisi kama waokota mipira wengi wa Lubumbashi: asubuhi anawaokotea wateja, mchana uwanja ukibaki mtupu anaazima raketi. Uwanja wenyewe ni wa udongo wa kichuguu, uliosagwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa. Mpira unadunda juu sana hapo, na mvua kubwa ya Januari ikinyesha, siku mbili hakuna anayecheza.

Ana kimo cha mita 1.84, mkono wa kulia, forehendi (pigo la upande wa mkono wenye raketi) nzito, na sevu ya pili, ile ya kurudia ya kwanza ikikosea, inayoruka mpaka begani. Katika umri wake hakuwa na mpinzani mjini. Nje ya nchi alicheza mashindano machache ya vijana ya ITF, shirikisho la dunia la tenisi, yote ya daraja la J30 ambalo ndilo la chini kabisa, akamaliza nje ya vijana 800 bora wa dunia.

Hiyo 800 ilifunga milango kabla hajabisha hodi. Vijana 20 wa juu wa orodha ya mwisho wa mwaka hupewa na ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, nafasi za kuingia mashindano makubwa kidogo bila kuanzia chini. ITF nayo hutenga nafasi chache za M15, mashindano ya chini kabisa ya kulipwa ya wanaume, kwa walio ndani ya 100 bora. K. hakuwa na hata moja ya hizo. Alianza pale anapoanza mtu asiye na cheo chochote: raundi za kufuzu za M15, zisizolipa hata senti kwa anayeshindwa humo.

Pesa, na watu wa pesa

Wanachama wanne wa klabu walichanga dola 7,500 kwa mwaka mzima. Hawakuandikiana chochote. Mmoja alitaka kijana apelekwe Kigali kwenye Challenger, ngazi ya juu kuliko M15, kwa kuwa ni karibu na mashindano hayo yamekuwepo tangu 2024. Kocha alikataa, na alikuwa sahihi: mshindi wa kwanza wa Kigali alikuwa Kamil Majchrzak wa Poland, mtu aliyekwisha kuingia 100 bora. Kwa asiye na cheo, hata droo ya kufuzu ya Challenger huingilika kwa kadi ya mwaliko tu.

Wa pili alipendekeza chuo cha Marekani, akitoa mfano wa Ben Shelton, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, bingwa wa vyuo wa 2022 akiwa Florida. Wazo halikuwa baya. Lilikwama kwenye Kiingereza, maana K. amesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza na mtihani wa lugha ungechukua karibu mwaka.

Wengine wawili walikuwa wamemtazama Mbrazili João Fonseca akitwaa taji la Next Gen, shindano la ATP la vijana bora wa mwaka, huko Jeddah, Desemba 2024, na kwao mjadala ukaishia hapo. Mtoto wa 2006! Alikuwa na nafasi Chuo Kikuu cha Virginia, akaiacha na kuwa mchezaji wa kulipwa. Ila hawakuangalia alikotokea. Fonseca alimaliza 2023 akiwa namba 1 wa vijana duniani na bingwa wa vijana wa US Open, na Februari 2024 alifika robo fainali ya shindano la ATP la Rio. Chuo alikiacha baada ya hapo. Kumlinganisha na kijana wa J30 kwa sababu tu wamezaliwa mwaka mmoja ni hesabu ya mashabiki.

Uamuzi wa Desemba

Walichagua Monastir, Tunisia, wiki tano mfululizo kuanzia Januari. Sababu tatu zilitajwa. Monastir huwa na M15 karibu kila wiki ya mwaka, kwa hiyo tiketi moja ya ndege inanunua mashindano matano. Januari na Februari Lubumbashi ni mvua, na siku za mazoezi zinapotea hata hivyo. Tena mashindano yakiwa mengi mahali pamoja, wenye cheo hutawanyika na kijana asiye na cheo hupata upenyo kwenye kufuzu.

K. angekwenda peke yake ili kuokoa pesa. Angefika Jumamosi jioni, kufuzu kunaanza Jumapili. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na Monastir iko pwani. Kwenye daftari la Desemba tofauti hiyo haijaandikwa popote.

Kisha likaja jambo lililofanywa kwa nia njema. Wafadhili walinunua katoni ya mipira mipya ili wiki tatu za mwisho "afanye mazoezi kama professionnel". Uwanja wa udongo ukiwa umelowa, alizicheza wiki hizo kwenye saruji ya uwanja wa shule. Mpira mpya, saruji, hewa nyepesi ya mita 1,200: kila pigo refu lilitoka nje. K. akajifunza kuuzuia mkono.

Safari ya kwanza

Matatizo yalianza kabla ya ndege. Usajili wa M15 hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya shindano, saa 14:00 GMT, ambayo Lubumbashi ni saa kumi alasiri. Kila wiki ina Alhamisi yake. Akaunti ya K. ilifunguliwa kwa barua pepe ya mjomba wake, na kila kuingia kulihitaji namba ya uthibitisho iliyokuja kwenye simu ya mjomba huyo. Wiki ya kwanza na ya pili zilisajiliwa vizuri. Alhamisi ya wiki ya tatu iliangukia tarehe 2 Januari. Mjomba alikuwa Kasumbalesa, mpakani, kwa bonane (mwaka mpya), simu imezima. Alipoiwasha ilikuwa saa mbili usiku.

Wiki ya kwanza K. alifungwa raundi ya kwanza ya kufuzu, 6-2 6-1. Usiku alituma sauti kwa kocha: "Papa kocha, mupira ya huku haipande. Napiga sawa na kwetu, inaanguka katikati." Kocha akajibu: "Pandisha juu ya file, mutoto yangu, usiipige nguvu." Nusu ya jibu ilikuwa dawa, nusu ilikuwa sumu. Kuupandisha mpira juu ya wavu ni sawa. Kupunguza nguvu ndiko kulikokuwa kunamwangusha tayari.

Mchezaji mwingine alikuwa amerekodi seti ya pili kwa simu. Kocha aliitazama mara mbili akihesabu: kati ya forehendi 41 zilizopita wavu, 27 zilidunda kabla ya mstari wa sevu, yaani fupi mno. Mpinzani hakuhitaji kufanya la ajabu, alisogea hatua mbili mbele na kumaliza.

Wiki ya pili alishindwa tena raundi ya kwanza, 6-4 3-6 10-7. Kwenye kufuzu seti ya tatu haichezwi, huchezwa tai-breki, gemu ndefu ya uamuzi ya pointi 10. K. hakuwahi kuifanyia mazoezi, akaanza kwa kupoteza pointi nne za kwanza akiwa bado anahema. Jumanne ya wiki hiyo, tarehe 14 Januari, Fonseca alimtoa Andrey Rublev, nyota wa Urusi, kwa seti tatu kavu raundi ya kwanza ya Australian Open, akitokea kufuzu. Kwenye kundi la WhatsApp la wafadhili video ilizunguka usiku kucha. Kuhusu matokeo ya K. hakuna aliyeandika neno.

Wiki ya tatu hakuwa kwenye orodha. Alijiandikisha uwanjani kama mtu wa akiba, hakuna aliyejitoa, akalipa hoteli siku saba bila mechi. Faida pekee ilikuwa mechi ya wawili: mchezaji mmoja wa Afrika Magharibi alikosa mwenzake, wakajiandikisha pamoja, wakashindwa raundi ya kwanza. Huyo ndiye aliyemwambia K. akate nyuzi zake zote.

Raketi za K. zilikuwa zimefungwa kwa kilo 25, mkazo unaofaa Lubumbashi ambako mpira hupaa. Akashusha hadi 23. Wiki ya nne alishinda mechi mbili za kufuzu na kushindwa ya mwisho. Wiki ya tano alipita na kuingia droo kuu ya watu 32. Akashindwa 7-6 6-4. Hundi: dola 156, kabla ya kodi. Pointi za ATP: sifuri, kwa sababu M15 inatoa pointi ya kwanza kwa anayeshinda raundi ya kwanza ya droo kuu.

Daftari linasema hivi: ndege 1,240, nyaraka pamoja na kadi ya njano ya chanjo 130, hoteli siku 35 kwa 52, jumla 1,820, chakula cha mchana na maji 315, ada za mashindano manne 160, kufungiwa nyuzi mara 11 kwa 15, jumla 165, usafiri mdogo 70. Jumla ni dola 3,900.

Machi

Maji yalikuwa yamezidi unga. Wafadhili wawili walitaka kusimamisha kila kitu. Aliyependekeza chuo alileta hoja bora kuliko ile ya kwanza: bingwa wa M15 hulipwa dola 2,160, kwa hiyo hata kijana angetwaa taji zima katika wiki moja ya zile tano, safari ingeingia hasara. Swali la kama safari "inalipa" halina maana katika ngazi hii. Kinachoulizwa ni idadi ya mechi za kweli zinazopatikana kwa kila dola. Mtazamo huo ulibadilisha mazungumzo, na kwa maoni yetu ndio uliookoa safari ya pili.

Walihesabu. K. alicheza mechi 8 za mmoja mmoja kwa siku 35: kila mechi dola 487 na kitu. Wiki iliyopotea kwa sababu ya simu ya mjomba iligharimu zaidi ya nyuzi za mwaka mzima.

Maamuzi manne yaliandikwa, safari hii kwa kalamu na sahihi. Akaunti ihamishiwe barua pepe ya K. mwenyewe, kocha awe na nywila, na Alhamisi zote ziandikwe kwenye karatasi ukutani kwa saa za Lubumbashi. Kila Alhamisi isajiliwe hata kama fedha hazijathibitishwa, kwa kuwa mchezaji anaweza kujitoa bila adhabu mpaka Jumanne ya wiki inayofuata, siku 13 kabla, saa ileile. Safari iwe ya wiki tatu, ikitanguliwa na siku sita za kuzoea. Na kocha asiende: badala yake K. achangie kocha mmoja na wachezaji wengine watatu hukohuko, dola 60 kwa wiki.

Mazoezi ya Aprili na Mei

Hapa kocha alifanya kazi nzuri, kazi ya mtu asiye na vifaa. Alipima sentimita 254 ukutani kutoka kwenye saruji, akachora mstari kwa chaki, kisha mistari mingine miwili kwenye 122 na 135. Kanuni ya ITF inataka mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka 254 udunde kati ya 135 na 147. Mpira uliotengenezwa kwa nyanda za juu hudunda kati ya 122 na 135. Mipira mipya ya kawaida, ikidondoshwa hapo Lubumbashi, ilipita 147, kwa sababu hewa ya nje ina shinikizo dogo na ile ya ndani ya mpira inasukuma zaidi. Mipira iliyotumika wiki moja au mbili iliangukia kati ya zile chaki mbili za chini. Ndiyo akaitenga kwenye ndoo ya buluu: ndoo ya Monastir.

Mpira wa ndoo hiyo haukuwa sawa kabisa na wa pwani. Hewa ya pwani ni nzito, huushika mpira unaozunguka na kuuvuta chini, na jambo hilo huwezi kuliigiza mlimani. Lakini ulidunda chini kidogo, na ulimlazimisha K. kuachia mkono mpaka mwisho.

Kisha akaweka chupa sita za maji mita moja na nusu nyuma ya mstari wa sevu. Forehendi iliyodunda kabla ya chupa haikuhesabiwa, hata ingekuwa nzuri vipi. Seti ya mazoezi ilikuwa mapigo 20, na K. hakuruhusiwa kuondoka mpaka 14 yapite. Siku ya kwanza alibaki uwanjani mpaka giza. Kila jioni walimaliza na tai-breki tatu za pointi 10, mshindwa anapiga brashi uwanja mzima.

Safari ya pili

Alifika siku sita mapema. Siku ya kwanza alikata nyuzi na kufunga kilo 22.5, nusu kilo chini ya Januari. Alikuwa amebeba rola ya nyuzi za poliesta ya mita 200. Raketi moja hula takriban mita 12, kwa hiyo rola inatoa raketi 16, na fundi anadai mkono tu, dola 6 badala ya 15. Alilala chumba kimoja na yule mwenzake wa Afrika Magharibi.

Wiki ya kwanza alishindwa mechi ya mwisho ya kufuzu. Wiki ya pili alifuzu, na raundi ya kwanza ya droo kuu akashinda 4-6 6-3 7-5. Hapo ndipo ilipopatikana pointi moja ya ATP. Raundi ya pili alifungwa upesi na mchezaji aliyesoma sevu yake ya pili, ambayo kwenye uwanja mgumu wa pwani ilipanda polepole ikamsubiri mpinzani kama embe kwenye sahani. Wiki ya tatu alifuzu tena, akatolewa raundi ya kwanza.

Mapato yalikuwa 258 na 156. Matumizi: ndege 1,180, chumba siku 27 kwa 38, jumla 1,026, kocha wa kuchangia 180, chakula 243, ada 120, rola 90, fundi wa nyuzi 72, nyaraka 130, usafiri 70. Jumla 3,111. Mechi 11 kwa siku 27, kila moja chini kidogo ya dola 283.

Matokeo

Pointi moja ilimwingiza K. kwenye orodha ya ATP, mbali nje ya 1,000 bora. Itadumu wiki 52, kisha itafutika. Kwenye mfuko zilibaki kama dola 1,000. Mfadhili mmoja aliondoka kwa amani, wawili wakaongeza kidogo, na wa nne bado anatuma video za Fonseca.

Uchambuzi

Kosa kubwa la safari ya kwanza lilikuwa kutofikiria hewa, na ni kosa la kitaalamu, halina uhusiano na pesa. Mchezaji wa Lubumbashi, Goma au Bukavu hukua akiucheza mpira unaopaa. Mwili wake hujifunza mambo mawili: kuongeza mzunguko ili mpira ushuke, na kufupisha mkono ili usitoke nje. Akishuka pwani, mzunguko uleule unashika hewa nzito zaidi na mkono mfupi haupeleki mpira mbali. Matokeo ni mpira laini katikati ya uwanja. Kijana anadhani amepoteza forehendi yake, kumbe forehendi ni ileile, mazingira ndiyo yamebadilika. Katoni ya mipira mipya ya Desemba ilizidisha tatizo maradufu, ingawa kwenye picha ilionekana kama maandalizi ya kisasa.

Kushusha kilo mbili za mkazo kulisaidia upesi kuliko wiki mbili za ushauri kwa simu. Wapo makocha wanaodai nyuzi ni jambo dogo katika ngazi hii. Kwa mtu anayehama mita 1,200 kwenda usawa wa bahari, hatukubaliani nao hata kidogo. Poliesta pia hupoteza mkazo ndani ya saa chache za mechi. Raketi iliyofungwa Lubumbashi wiki iliyopita na kusafiri kwa ndege haina kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko chake.

Kilichofaa tangu mwanzo ni kukaa mahali pamoja. Wengine wenye bajeti kama hii huruka nchi tatu kwa wiki tatu, na fedha zinaishia kwenye tiketi. Kuchagua miezi ya mvua pia kulikuwa sahihi, ila wiki tano kwa kijana anayesafiri peke yake mara ya kwanza ni ndefu mno. Kwenye video ya wiki ya tano miguu ya K. inaburuta kuanzia gemu ya nne.

Kuhusu usajili hakuna mengi ya kusema. Akaunti ya mchezaji iwe ya mchezaji.

Sevu ya pili bado ni tatizo. Ile sevu ya kuruka begani iliyowatesa wenzake kwenye udongo wa kichuguu haitoshi kwenye uwanja mgumu wa pwani, na hakuna aliyeligundua hilo mapema kwa sababu kule Lubumbashi ilikuwa inashinda pointi. Tangu Julai kocha anamfundisha sevu ya pili ya kukata kando, iende mwilini au nje upande wa kushoto, ikiwa chini. Kwa ndoo ya buluu, makosa mawili mfululizo (sevu zote mbili zikikosea na pointi kupotea) yameshuka kutoka tisa hadi matano kwa kila seti ya mazoezi. Bado ni mengi.

Oktoba 2025 Valentin Vacherot wa Monaco, namba 204 duniani, alitwaa taji la Shanghai Masters akitokea kufuzu, akiwa na miaka 26 na baada ya kupitia chuo cha Texas A&M. Aliyetaka chuo aliituma habari hiyo kwenye kundi bila maneno yoyote. K. ameanza masomo ya Kiingereza Jumatatu na Jumatano jioni, na asubuhi anafundisha watoto wa klabu kwa ujira mdogo unaoingia kwenye mfuko. Karatasi ya Alhamisi bado iko ukutani, na chini ya saa kumi alasiri kocha ameongeza kwa kalamu nyekundu: 22.5, na rola mbili.